Mwalimu Redio na Kijiko cha Maji

Wanafunzi wa uuguzi walimwita Redio, na hawakumwonea. Redio husema, wewe husikiliza. Ukiiuliza swali haikujibu, inaendelea na taarifa zake. Mama huyu aliingia darasani na faili lake kwapani, akasalimia, akaanza kusema kabla kiti cha mwisho hakijatulia, na hakunyamaza mpaka kengele. Alisema vizuri, tusimsingizie. Sauti ilikuwa safi, maelezo yamepangika, na mitihani yake haikuwa na mitego. Lakini viti vya nyuma watu walilala usingizi wa haki kabisa, na waliokuwa macho waliandika tu, vichwa chini, kama wanaolipwa kwa mstari.

Jina hilo alilijua. Alilisikia akiwa msalani, wasichana wawili wakinawa mikono nje ya mlango wake. "Redio leo imekamata vituo vyote," mmoja alisema, na mwenzake akacheka mpaka akakohoa. Mama wa watu alijibanza mle ndani hadi walipoondoka. Aliona haya yeye, badala ya kuona haya wao.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka wake wa kwanza wa kufundisha aliuliza darasa swali, kikatanda kimya. Akasubiri, kimya kikazidi, na katika kuhangaika kijana mmoja akamgeuzia yeye swali ambalo hakuwa na jibu lake. Alisimama pale na chaki mkononi, mdomo wazi. Darasa zima liliangua kicheko. Tangu siku ile hakuacha mwanya tena. Alisema kama mtu anayeziba matundu ya panya: palipo na nafasi, tia neno. Na wanafunzi nao, kwa kuwa hawakuulizwa kitu, hawakuonekana kama hawajui kitu. Kila mtu alikuwa salama.

Basi siku moja Mkuu wa Idara alimwita ofisini. Mkuu huyu alikuwa mwanafunzi wake zamani, na mpaka leo alimwita Mwalimu, hata akiwa na habari mbaya.

"Mwalimu, nisikufiche," alisema, macho yakiwa kwenye kalamu. "Wanafunzi wetu wakifika wodini wanaganda. Wanajua kila kitu, hawawezi kitu. Wakubwa wanataka kozi ya wagonjwa mahututi apewe yule mwalimu mpya, wewe uhamie ofisi ya ratiba."

"Ratiba," alirudia. Alijiona amekaa nyuma ya dirisha dogo, akiwapangia wengine vyumba vya kufundishia.

"Nimewaomba nikae darasani kwako Jumatano kwanza, nione mwenyewe. Waache wafanye kazi wao, Mwalimu. Wewe nyamaza kidogo."

"Ninyamaze kiasi gani?"

Mkuu alitaka kucheka, lakini alipomwangalia akaona mama anauliza kwa dhati, kama mtu anayeuliza dozi.

Jumatatu alijaribu. Aliandika swali ubaoni, akawaambia wageukiane wawili wawili, wajadiliane. Viti vikaanza kukwaruza sakafu, watu wakatazamana, na ule ukimya wa zamani ukachungulia mlangoni. Kabla wa mwisho hajageuza kiti, Redio alikuwa ameshatoa jibu, sababu za jibu, na makosa wanayofanya watu kuhusu jibu hilo. Viti vikarudi vilipokuwa. Karani alikuwa ameandika yote.

Karani lilikuwa jina la utani la binti wa kiti cha mbele, bingwa wa darasa. Hakuna neno la Redio lililoanguka chini bila yeye kuliokota, na kabla ya mtihani darasa zima lilizungukia madaftari yake. Redio alimpenda kuliko wote, na akijitetea moyoni, ndiye aliyemtaja: mbona Karani anaelewa?

Jioni ile hakula. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa mizaha, na alimtazama akichezea tonge mpaka akachoka.

"Baba watoto, hivi mimi nafundisha vibaya?"

"Mke wangu, hata mimi ukiniuliza kama nina njaa unajibu mwenyewe, halafu unapakua."

"Nakuuliza la maana, unaniletea utani."

"Sio utani huo." Akanawa mikono. "Mimi garini nina breki upande wangu, basi. Usukani namwachia mwanafunzi, japo roho inanitoka. Wewe unataka breki, usukani, na honi juu yake."

"Na wakigonga?"

"Ndiyo maana tunaanzia uwanjani. Barabarani wataenda tu, utake usitake."

Ilimuudhi, kwa sababu ilikuwa kweli. Angewezaje kunyamaza? Hata akijiuma ulimi, uso wake ungesema. Ni kesho yake, akinyoosha koti lake jeupe, ndipo lilipomjia wazo ambalo lilimfanya aisahau pasi na kuunguza kola: yuko mtu mmoja tu wodini anayeruhusiwa kunyamaza saa nzima.

Jumatano asubuhi alitoa stoo kitanda cha mazoezi, magurudumu yakilia korido nzima, akakiweka katikati ya darasa. Mkuu wa Idara alikuwa ameshaketi nyuma kabisa, mikono kifuani. Wanafunzi walitazamana. Redio bila faili!

"Mimi ni mgonjwa wa kiharusi," alisema. "Nimeletwa sasa hivi. Upande wa kulia umelegea, mdomo umekwenda upande, nasinzia, siwezi kusema. Mnipokee, mnihudumie. Huyu bwana mkubwa hapa ni mwanangu." Akamwonyesha kijana mmoja aliyejaa vizuri, waliyemwita Bonge. "Nikishalala, mimi si mwalimu wenu. Wodi ni yenu."

Akavua viatu. Ndipo akakumbuka nyufa za visigino vyake, lakini maji yalishamwagika. Akapanda, akalala chali, akauacha mdomo ulegee.

Hakuna aliyesogea.

Alilikodolea macho dari, penye doa la maji ya mvua. Ukimya ule ule! Ulikuwa unamngoja miaka yote hii, na sasa umemkuta amelala, hata pa kukimbilia hana. Ulimi ulimwasha. Alijiona tayari kwenye dirisha la ratiba. Nikisema "anzeni na njia ya hewa" tu, aliwaza, maneno matano yatamdhuru nani? Vidole vyake vilikamata shuka.

"Jamani," sauti ilisema hatimaye, "tupime presha basi. Tutamwangalia mpaka lini?"

"Presha kwanza? Si aangaliwe anavyopumua?"

"Anapumua huyo, huoni kifua?"

"Wewe umeona, umehesabu?"

Wakaanza kugombana, na ugomvi huo ukamwingia masikioni mtamu kuliko sifa. Mmoja alimfunga mkanda wa presha kwenye mkono uliolegea, mwenzake akamkemea, ukahamishiwa mkono mzima. Mwingine akakumbuka kupima sukari. Hata yule msichana wa kiti cha nyuma, bingwa wa usingizi, alikuwa amesimama. Redio alilala pale akiwa na hofu na furaha kwa pamoja, akashindwa kujua ipi inamdundisha moyo.

Kisha Bonge akakumbuka kwamba yeye ni mtoto wa mgonjwa.

"Nesi! Mama yangu tangu asubuhi hajatia hata tone mdomoni! Mnamshikashika tu, angalieni midomo ilivyokauka!"

Darasa likacheka. Bonge akanogewa. "Mnacheka? Mimi ndiye kitinda mimba wake! Mama akifa na kiu nitawashtaki wote, mmoja mmoja!"

"Mpeni kidogo basi atulie huyu," mtu alisema, nusu kwa mzaha.

"Kijiko kimoja tu," mwingine akadakia, na kikombe cha maji na kijiko vikatolewa kwenye meza ya vifaa.

Redio alikauka kwenye godoro. Mgonjwa wa kiharusi hapewi kitu mdomoni mpaka apimwe kama anaweza kumeza. Hata tone! Na alikuwa amelala chali kabisa, hakuna aliyemwinua kichwa. Hilo aliwafundisha muhula uliopita, akalirudia, akalitungia swali. Akageuza macho kumtafuta Karani. Karani atawazuia.

Karani alikuwa anakuja, na kijiko kilikuwa mkononi mwake.

Alikuja kwa uangalifu, kiganja kikikinga chini ya kijiko maji yasidondoke, uso umejaa huruma. Nyuma yake Bonge anahimiza, darasa linatazama, na mwisho wa darasa Mkuu amekunja mikono ile ile. Neno moja lilitosha. "Usimpe!" Redio alilihisi limeshafika kwenye meno. Akisema, kijiko kitarudi kikombeni, wote watainama waandike, na ikifika Ijumaa watakuwa wameshasahau. Asiposema, Mkuu ataona bingwa wa darasa lake akimzamisha mgonjwa. Hapa hakukuwa na breki upande wake. Alimwona binti anainama. Liwalo na liwe, akajisemea, na akaufungua mdomo.

Akapaliwa. Hakuigiza, maskini, maji yaliteleza yakaenda yasikotakiwa, na kikohozi kikampanda kutoka chini ya mbavu, macho yakamtoka, mikono yote miwili ikapiga godoro, mzima na uliolegea. Mtu alipiga kelele. Kikombe kilianguka. Mkuu wa Idara aliruka kiti kikapinduka, akaja mbio akisukuma watu, lakini alipofika walikuwa wameshamgeuza mgonjwa ubavu, yule msichana wa usingizi ameshika bega, mwingine kiuno, wa tatu anamfuta mdomo na kuita, "Kohoa, Mwalimu, kohoa!"

Alikohoa mpaka njia ikafunguka. Akainuka, akaketi ukingoni mwa kitanda na visigino vyake nje, machozi yakimtiririka. Alikuwa na mambo ishirini ya kusema. Yalijipanga mdomoni kama wanafunzi wanaogombea mlango.

Karani alikuwa bado amekishika kijiko.

"Mwalimu, ulitufundisha," alisema. "Ulisema asipewe hata tone. Niliandika. Nililipigia na mstari chini. Kwenye mtihani nililipata hilo swali lote. Nilikuwa najua. Sasa kwa nini nimekuletea?"

Swali limeulizwa mbele ya darasa zima na Redio hana jibu lake. Ilikuwa siku ile ile ya chaki. Alingoja kicheko.

Hakuna aliyecheka.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Kwa nini?"

Halafu akanyamaza. Safari hii alinyamaza akiwa mzima, na mdomo wake ni wake, na ilimwuma zaidi kuliko kitandani.

"Ni mimi nilimpigia makelele," Bonge alisema, sauti imemwisha. "Nilimtia presha."

"Tuliona midomo imekauka," mwingine akasema, "koo hatukuliona."

"Mimi nilikumbuka." Alikuwa yule msichana wa nyuma. "Nilikumbuka kabisa. Lakini nilipoona ni Karani ndiye kashika kijiko, nikasema, aa, yeye ndiye anayejua. Mimi nani nimzuie?"

Hapo darasa likapata moto. Watu walisema kwa zamu na bila zamu. Nani amzuie nani? Ndugu wa mgonjwa akifoka, umjibu vipi? Kichwa kingeinuliwa saa ngapi? Kengele ikalia, hakuna aliyeinuka. Redio aliuliza mara mbili tu, na mara zote mbili alingoja, kucha zikiwa zimezama kiganjani.

Walipotoka, Mkuu wa Idara alikiinua kiti alichokipindua, akakisimamisha polepole kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Kozi itabaki kwako, Mwalimu. Nitawaambia wakubwa mwenyewe. Ila kitanda kisirudi stoo."

Alipaswa kufurahi. Siku zote zile alikuwa hali, halali, kwa ajili ya sentensi hiyo moja. Lakini alikuwa anakitazama kijiko, alipokiacha Karani juu ya meza.

"Wewe nilikufundisha hili?" aliuliza.

"Ulinifundisha. Dari lilikuwa halijaota doa."

"Uliandika?"

"Niliandika vizuri sana, Mwalimu." Mkuu hakumtazama. "Kulijua, nilikuja kulijulia wodini."

Hakumuuliza alijulia kwa mgonjwa gani. Aliwaona wote waliopita mbele yake miaka hii, makundi kwa makundi, koti jeupe kwa koti jeupe, wameandika vizuri sana, wametawanyika kwenye wodi asizozijua, na kila mmoja ana kijiko mkononi. Akainama kutafuta viatu vyake, akavikosa kwa sababu macho yalikuwa na maji tena.

"Mwaka wa tatu wanamaliza mwezi ujao," alisema akiwa amevaa kimoja.

"Najua."

"Hao nimewasemea tu."

"Najua, Mwalimu."

"Wako darasani sasa hivi?"

Mkuu alikunja mikono ya shati, akashika kitanda upande wa miguu. Yeye akashika upande wa kichwa, na wakakisukuma koridoni, magurudumu yakilia, mbio mbio, kiatu kingine kikiwa bado kimebaki ndani.