Kambo alikatala tunda ya ujana

Leo kambo wangu, mwenye alizala mama yangu, alikatala kurudia kijana.

Nilikuwa nacheza jeu ya video yenye mungu mwanamuke wa Bazungu ba zamani, ule wa ujana. Anakupatia tunda ya pomme, unakula, uzee inaisha.

Kambo, mwenye hakosake misa, akasema: "Ule iko Eva. Usipokee ile tunda, mutoto."

Nikacheka, nikamuelezea. Nikamuuliza kama angetaka moja.

Akaegemea fimbo yake, akasema:

"Nilikimbia vita niko mutoto. Nikakimbia tena na mama yako mu mugongo. Sasa nimekimbia na fimbo, nikafika kwenu hapa Makomeno. Ukinirudisha kijana, nitakimbia tena mara ngapi?"

Manette ya kuchezea ingali mu mikono yangu. Pomme inang'aa ku ecran ya televizio.

Mungekuwa mie, mungebonyeza kuipokea?