Ng'ombe wa Watu Saba

Twaha Ssemakula ni dereva wa basi la wafanyakazi, na mimi Shamira nilimtukana mbele ya wenzetu watano pale mpaka wa Salwa. Nianzie hapo hapo, maana nikianzia kwingine nitajipendelea.

Twaha ni Mganda wa Masaka, umri umepita hamsini, na Doha ana miaka kumi na miwili. Kila asubuhi anatutoa kwenye makazi ya kampuni na kutupeleka hotelini West Bay, ambako mimi nilikuwa chumba cha kufulia, nikikunja mataulo mpaka vidole vinakufa ganzi. Hajawahi kumwacha mtu. Ukichelewa anapiga honi mara mbili, kisha anashuka na kujifanya anakagua tairi mpaka utokee mbio, kiatu mkononi. Sisi wanawake anatuita "nyabo", ndivyo wanavyoitana kwa heshima kwao. Ijumaa baada ya swala hutukusanya uani Waislamu wachache wa Afrika Mashariki na kutusimulia habari za Mtume. Si shehe. Husoma kidogo kidogo, na akikwama husema amekwama.

Ndiye aliyetupangia umra, ile hija ndogo: watu saba, kwa basi la msafara, kupitia Salwa hadi Makka. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa unaisha mwezi uliofuata na hoteli haikuwa inauongeza. Nilikuwa narudi kwetu Mumias moja kwa moja. Miaka minne nilikuwa nikimwahidi mama kwenye simu kwamba kabla sijarudi nitasimama mbele ya Kaaba nimwombee macho yake, maana yalikuwa yanazima polepole. Ilikuwa safari ile au basi tena.

Mwenzangu wee, msimamizi wa kazi akaninyima likizo ya wiki iliyopangwa, akanipa ya wiki mbili baadaye! Nikamfuata Twaha nikilia. Akanitazama, akasema, "Usijali nyabo, hata safari yenyewe imesogezwa." Nikamshukuru Mungu, nikawatangazia wenzangu kwamba hiyo ni bahati ya mama yangu.

Asubuhi ya safari, Twaha akaja na lake. Watu wa njia yetu huweka nia ya umra na kuingia katika ihramu, hali ya ibada yenye miiko yake, huko mbele, karibu na Taif. Lakini yeye alimjua mtu aliyelala kwenye basi akapapita mahali penyewe. Kwa hivyo akataka tuingie ihramu pale pale, kwenye maegesho ya makazi. Wanaume wakatoka na shuka zao mbili nyeupe, tukaitikia labbaika, wito wa mahujaji, mpaka majirani zetu Wanepali wakafungua madirisha. Kuingia mapema hivyo nako kunakubalika, ila ukishaingia umeingia. Hutoki mpaka umalize umra.

Salwa tulifika jua la utosini. Ofisa akawarudishia pasipoti abiria wengine wote, sisi saba akatuweka kando. Visa zetu zilikuwa zimekwisha jana yake. Twaha alikuwa amehesabu siku tangu zilipoingia kwenye simu yake, kumbe zinahesabiwa tangu zilipotolewa. Basi likaondoka na wenye visa, tukabaki pale na mifuko yetu.

"Kosa ni langu," akasema Twaha. Hakuongeza neno.

Mimi niliongeza. Nilimwita mzee mpumbavu, dereva aliyejipachika ushehe. Nikamwambia macho ya mama yangu yako shingoni mwake. Swabra, tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja, alinivuta mkono, nikamsukuma.

Tulirudi Doha. Jioni Twaha akatukalisha uani, akatukumbusha Hudaibiya. Kwamba Mtume na masahaba walikwenda umra wakiwa kwenye ihramu kama sisi, Makuraishi wa Makka wakawazuia, mwisho wakaandikiana mkataba wa amani: mwaka huu rudini, mwaka ujao njooni. Masahaba waliona wamedhalilishwa. Mtume alipowaambia wachinje na wanyoe ili watoke kwenye ihramu, hakuinuka hata mmoja.

"Na sisi tumezuiwa," akasema. "Tuchinje, tunyoe, mwaka ujao turudi."

Mimi ndiye niliyesimama, hasira imenipanda kichwani.

"Mwaka ujao na nani? Mimi mwaka ujao niko Mumias! Kwani kule Hudaibiya hakuna waliokufa kabla ya huo mwaka kufika? Wao waliambiwa nini?"

Twaha akasema, "Hapo nimekwama, nyabo."

"Basi kaa na mkataba wako," nikasema, nikapanda zangu juu.

Kesho yake Twaha hakumsemesha mtu. Swabra aliniambia hata Mtume alishauriwa hivyo na mkewe, Ummu Salama: usiseme na yeyote, toka uchinje na unyoe wewe kwanza. Sikutaka kusikia. Nilimwona dirishani akienda machinjioni amevaa shuka zake mbili za ihramu, watu wakimshangaa njia nzima. Alichinjisha ng'ombe mmoja, maana ng'ombe mmoja hutosha watu saba. Aliporudi akaketi kwenye kiti cha plastiki uani, akamwita kinyozi Mpakistani wa chumba cha chini. Kichwa kikatoka kitupu, na kovu ambalo hatukuwahi kuliona. Mwenzetu mmoja akashuka, akangoja zamu yake. Kisha mwingine. Swabra naye akakata nywele zake kidogo tu, urefu wa ncha ya kidole, kama inavyowapasa wanawake. Mimi nikafunga pazia.

Siku ya tatu nikaitwa kazini kabla likizo haijaisha. Sasa, aliye kwenye ihramu haruhusiwi manukato, na kile chumba cha kufulia ni manukato matupu, kuanzia sabuni hadi dawa ya kulainisha shuka. Nikamwambia Swabra siendi.

"Kwa nini?"

"Bado niko kwenye ihramu, sijakata nywele."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Shamira, unadhani safari ilisogezwa na nani?"

"Wenye basi."

"Wenye basi wapi! Basi lao liliondoka siku ile ile ya mwanzo, viti vyetu saba vikiwa vitupu. Barua ya kuomba tuhamishiwe safari ya baadaye niliiandika mimi. Nilimwambia Mzee Twaha visa zitakuwa ukingoni, akahesabu kwa vidole, akasema zitafika. Akasema, sisi sita tuna mwaka ujao, yule hana."

"Mbona hukusema mpakani?"

"Alinikataza. Alisema wenzetu wangekutafuna mzima mzima."

Wallahi niliona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Nikachukua mkasi wa jikoni nikajikata nywele za mbele, nikakata vibaya. Honi ikalia mara mbili. Nilipofika chini alikuwa ameinama anakagua tairi lisilokuwa na ubovu wowote, kofia imefunika upara.

"Mzee wangu, mimi nimekuja..."

"Lile swali lako nimemuuliza imamu," akanikatiza. "Kasema umra za Mtume zimehesabiwa nne, na Hudaibiya ni mojawapo. Hawakufika, nyabo, lakini imehesabiwa. Waliokufa kabla ya mwaka ule, hiyo ndiyo yao."

Nikataka kuendelea, akanifungulia mlango. "Panda, tunachelewa."

Nililia mpaka West Bay, na wala sikufarijika. Mwezi uliofuata nikarudi nyumbani. Mama alikuwa haoni tena. Alinipapasa uso, mkono ukapanda mpaka kwenye nywele, ukasimama pale nilipokata vibaya.

"Ulifika?" akaniuliza.

"Hatukufika, mama," nikamwambia. "Walinisubiri mimi."