Mnyoo Anavuta Kamba

Wewe ungemfanyaje mgeni aliyeingia nyumbani kwako amejificha ndani ya jiwe? Fundi saa mmoja alitaka kuwatoa wageni wake wote. Jiwe alilinunua kupamba tangi lake la kioo la maji ya chumvi, la kufugia viumbe wa baharini, kumbe lilijaa minyoo. Tangu hapo, kila akitoka kazini hukunja mikono ya shati, akawawinda kwa kibano kilekile cha kushikia vijigurudumu vya saa, akihema kwa pua kama anatengeneza saa ya bwana harusi anayeisubiri mlangoni. Vinyweleo vyao vinamwasha vidole, anavisugua kwenye suruali, kisha huyo tena.

“Baba watoto, saa za watu zimelala, wewe unafukuzana na minyoo,” mkewe alimtania.

“Kesho naleta samaki wa kuwala. Muuzaji anasema atawamaliza.”

“Na kamba wangu je?”

Kamba yule mwekundu wa mle tangini alikuwa amezoea kupanda kiganjani mwa mama huyo kila alipomlisha. Fundi alikigeuzageuza kibano.

“Anasema labda hatamgusa.”

“Haya. Mlete huyo Labda wako.”

Asubuhi fundi alivaa viatu aende kununua samaki, akainama kuchungulia tangini. Kipande cha chakula kilichoozea nyuma ya jiwe na kuchafua maji, mahali kibano hakifiki, kilikuwa kinatembea. Mnyoo alikikokota upande wake, kamba akakikokota upande wake.

“Mama watoto, njoo uone,” aliita, akivua kiatu kimoja. “Mnyoo anavuta kamba.”

“Nani anashinda?”

Akavua na cha pili.