Mzigo Mmoja wa Majani

Harufu ya majani makavu hunitia hasira. Juzi, pale Mhunze, lori lililobeba majani ya ng'ombe lilisimama karibu nami, nikajikuta nimekunja uso kama mtu aliyetukanwa.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Kijijini kwetu maeneo mawili hayakuguswa ovyo: msitu wa hifadhi wa serikali, wenye vibao vya mpaka na bwana misitu, na ngitili, malisho ya kijiji yanayofungwa mvua zikianza hadi kiangazi kikali. Baba alikuwa katibu wa kamati ya ngitili. Kila mkutano alisoma sheria kwa sauti: ng'ombe asiingie kabla ya siku ya kufungua.

Mwaka ule ng'ombe wetu wa pekee wa maziwa, Kijivu, alilala akashindwa kuinuka kwa njaa. Zilibaki siku sita ngitili ifunguliwe. Niliitafakari ile sheria, nikaona inamkataza ng'ombe, haikatazi majani kutoka. Nikachukua mundu, nikakata mzigo mmoja, nikajitwisha. Mlinzi akanikamata njiani.

Mbele ya kamati nilijitetea. "Shikamooni. Kijivu hakuingia. Yuko nyumbani, amelala."

Wazee wakacheka hadi wakakohoa. "Katibu, umetuzalia wakili!" alisema mlinzi. Akanigeukia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Kwa hiyo, mayu, siku hizi ngitili ndiyo inamfuata ng'ombe kwake?"

Baba hakucheka. "Mchenya ni mbuzi," alisema, yaani faini ile ile waliyotozwa wengine. Mbuzi wetu akachinjwa siku hiyo hiyo, wazee wakala. Mzigo wangu ukaachwa langoni mwa ngitili. Kila asubuhi nikienda kisimani niliupita, unanukia, unakauka. Siku ya nne Kijivu akafa. Siku mbili baadaye lango likafunguliwa, na ng'ombe wa majirani wakaukanyaga wakikimbilia majani yaliyonifika kiunoni.

Ukubwani nimejisomea sheria za misitu, kifungu kwa kifungu, na najua kwa nini ngitili yetu ingali na majani wakati vilima jirani ni vipara. Hilo nalikubali.

Lakini mwaka jana mama aliniambia jambo. Jioni ile, baada ya nyama, kamati ilimwambia baba auchukue ule mzigo, maana faini ilikwisha kulipwa. Akakataa. "Nikiuchukua mimi, kesho nitamkataza nani?"

Namwelewa, na hilo ndilo linaloniudhi. Miaka yote hiyo niliwachukia wazee wale, kumbe wao walikuwa upande wa Kijivu.