Jina la Feruzi katika Daftari la Rumonge

Siku ya kwanza ya kazi yangu nilipewa meza iliyoundwa kwa mbao za mtumbwi uliovunjika, kalamu moja ya chuma na daftari refu. Hiyo ilikuwa Rumonge, kando ya ziwa, wakati wa Mdachi. Sikuajiriwa, nilijitolea. Bwana Afisa, yule Mjerumani aliyekuwa akija kutoka boma la Usumbura, alitangaza kwamba mtaa wetu wa Waswahili utajichagulia jumbe, yaani mkubwa wa mtaa wa kusema na serikali. Lakini kwanza waandikwe wote waliohamia kutoka ng'ambo ya ziwa, ili nao wahesabiwe kuwa wenyeji na wapate kuchagua. Mimi nilijua kusoma na kuandika, na nilitamani sana ukarani. Nikasema nitaandika bure.

Karani Mkuu, mtu wa pwani ya Mrima aliyefuatana na Bwana Afisa, alinifundisha asubuhi moja tu.

"Daftari lina safu nne," aliniambia. "Jina, atokako, kazi yake, hali yake. Tatu za kwanza hazikupi taabu. Ya nne ndiyo itakayokuonyesha kama wewe ni karani."

Hali maana yake muungwana au mtumwa. Mdachi alikuwa hajaufuta utumwa. Mtumwa aliyeachwa huru alipewa hati ya uhuru, karatasi yenye muhuri wa boma, na kuanzia hapo alikuwa na haki ya kuchagua. Mtumwa asiye na hati aliandikwa chini ya jina la bwana wake, akawa hana sauti.

Niliandika watu wa Rumonge, nikaandika wa Minago, nikatembea kwa miguu hadi Magara, kwa kuwa wa huko nao walihesabiwa pamoja na mtaa wetu. Niliipenda kazi ile. Mfinyanzi mmoja mzee kutoka Ubwari, ng'ambo ya ziwa, alinirudisha kwenye jina la baba yake mara tano, mpaka nikalitamka sawasawa, ndipo akakubali niliandike.

Feruzi alikuwa fundi wa mitumbwi. Aliletwa kutoka Ubwari akiwa mdogo, akawa mtumwa wa Mzee Nasoro, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na mawese. Baadaye Nasoro alimwacha huru. Hati yake niliisoma mimi mwenyewe mbele ya msikiti, watu wakisikiliza, na Nasoro akaitikia kwamba ndivyo. Sasa Feruzi alikuja mezani kwangu na karatasi iliyokunjamana kama jani kavu. Mtumbwi ulipinduka naye, hati ikalowa. Muhuri ulionekana, lakini maandishi yalikuwa yamefutika.

"Hakuna neno," nikamwambia. "Mimi nakujua."

"Murakoze, karani," akanishukuru. "Ile siku ya kuchagua watakuwa na mutu mumoja zaidi."

Aliondoka kabla sijajaza safu ya nne. Jioni hiyo Mzee Nasoro aliniita barazani kwake. Alikuwa anataka kuwa jumbe, na alikuwa amesikia kwamba Feruzi atasimama nyuma ya mshindani wake, mwashi mmoja aliyeitwa Ramadhani. Hakunitisha. Alinikaribisha kahawa.

"Karani Mkuu ni rafiki yangu," alisema. "Anatafuta msaidizi wa kudumu. Nitakutaja. Lakini huyu Feruzi karatasi yake iko tupu, mwanangu. Wewe utaandika kitu usichokiona?"

Nilirudi nyumbani, nikafungua daftari, nikaandika: Feruzi, Ubwari, fundi wa mitumbwi, mtumwa wa Nasoro. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri. Nataka mjue hilo.

Siku ya kuchagua, wanaume walipanga mistari miwili uwanjani, kila mmoja nyuma ya amtakaye. Bwana Afisa aliketi kwenye kiti, Karani Mkuu akasoma majina. Alipofika kwa Feruzi, akasimamisha kidole.

"Huyu ni mtumwa. Atoke."

Feruzi hakupandisha sauti. "Bwana, mimi iko muungwana. Karani anajua. Alisoma hati yangu mbele ya msikiti. Umuulize."

Karani Mkuu akanigeukia. "Uliisoma?"

Nasoro alikuwa akitazama ziwa.

"Sikumbuki, bwana," nikajibu.

Waliokuwapo msikitini siku ile walikuwa uwanjani pia. Hakuna aliyefungua mdomo, lakini wao hawakuwa na kalamu. Feruzi alitolewa mstarini. Nasoro alishinda kwa watu wengi mno, hata kama Feruzi angesimama na watu kumi nyuma ya Ramadhani, isingebadilisha kitu.

Baada ya wiki chache jumbe mpya alitumia daftari langu kumdai Feruzi arudi kumfanyia kazi. Feruzi hakungoja. Alivuka ziwa, akaacha mtumbwi ufukweni, umeundwa nusu.

Mimi nilipata kazi. Nilitumika Usumbura, kisha Nyanza, kisha Usumbura tena. Huko bomani, ndani ya kabati la nakala, siku moja niliikuta nakala ya hati ya Feruzi, nzima, kila neno. Karani Mkuu aliniona nimesimama.

"Kuna kosa?"

"Hapana, bwana," nikasema, nikairudisha mahali pake. Kuusema ukweli siku hiyo kungeniondoa kazini, na nilikuwa na mke na watoto. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Vita vilipokuja na Wajerumani wakaondoka, ukarani wangu ukaisha. Ndipo nikavuka kwenda Ubwari kumtafuta. Nilikuta amekwisha kufa. Mjane wake, mke aliyemwoa huko huko, alinitandikia mkeka.

"Amahoro, baba," akanisalimu. "Ulimujua wapi mume wangu?"

"Rumonge," nikasema.

"Basi wewe ni ndugu. Alipenda Rumonge, ila hakutaka kusema sababu gani alitoka."

Akanitazama, akinipa nafasi ya kusema. Nilikuwa nimesafiri ili niungame hilo moja. Nikauliza habari za mvua.

Vijana wanaojifunza ukarani sasa huniuliza kuhusu wino, mihuri na mabwana wa zamani, nami huwajibu vizuri. Hili sijapata kumwambia mtu. Yule mama alinipikia ugali wa muhogo, nikala. Nilipoondoka alinifungia samaki wakavu kwenye majani, niwapelekee watoto wangu, kwa kuwa nilikuwa rafiki wa Feruzi. Nikawapokea samaki wale kwa mikono miwili.