Nafuu na Dada Yake wa Bure

Kama kuna foleni ya watu wanaojisikia, huyu alisimama mbele kabisa. Kazini walimbandika jina la Nafuu, na badala ya kuona aibu, akavimba kichwa. Kazi yake ilikuwa kupanga umeme wa nchi nzima: kesho mtambo upi uwashwe, upi upumzike, upi utoe kiasi gani, saa baada ya saa. Kanuni yenyewe hata mama anayekwenda sokoni anaijua: anza na cha bei rahisi. Maji ya bwawa kwanza, kisha gesi, na dizeli ije mwisho kabisa, jioni watu wanaporudi nyumbani na kuwasha kila kitu kwa pamoja. Ukimsikia Nafuu akilieleza hilo, utadhani jua kaliwasha yeye.

Haya, tusimwonee, kazi aliijua. Siku moja mwenzake wa zamu aliyafungulia maji ya bwawa kwa fujo ili asiguse dizeli, kisha akaanza kujisifu kwamba kaokoa gharama. Nafuu akamrukia.

"Nani kakwambia maji ni bure? Unayomaliza leo, kiangazi utayalipia kwa dizeli! Maji yana bei, bwana, ila bei yake haiji leo. Hicho kichwa ni cha kufugia nywele tu?"

Chumba kizima kikacheka, na mwenzake akapunguza maji huku kainamisha uso. Umeyasikia maneno hayo? Yalitoka kinywani mwake mwenyewe. Lakini akili ile, kila jioni, aliiacha getini kwa mlinzi.

Maana nyumbani baba yake Nafuu alikuwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, na aliyemtunza alikuwa kitindamimba wa familia, dada yake Nafuu, fundi cherehani. Alimwinua, akamwogesha, akamlisha, akamgeuza usiku asipate vidonda, na katikati ya hayo akashona sare za shule nyuma ya mlango. Miaka ikapita hivyo. Nafuu alikuja Jumapili, akakaa kwenye kiti kisicholegea, akanywa chai, akauliza "Mzee anaendeleaje?" macho yakiwa kwenye simu, akaondoka. Na huyo naye ni mtoto wa mtu!

Ndipo chuo cha ufundi cha mji wa mbali kikamwita dada huyo akafundishe ushonaji. Aripoti Jumanne, asipotokea nafasi anapewa mwingine. Umri ulikuwa unamwacha, na bahati kama hiyo haigongi hodi kila mwaka. Akawaomba ndugu zake washike zamu kwa baba. Nafuu akaitisha kikao: yeye, dada yao mkubwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mdogo wao wa kiume aliyeko ughaibuni, huyo akisikiliza kwa simu.

"Hili ni suala la hesabu tu," Nafuu akaanza, amekunja nne. "Dada akifunga duka, wateja wanahama. Huyu wa ughaibuni, nauli ya ndege peke yake ni balaa. Mimi nikikosa kazini, nchi giza. Kwa hiyo zamu zote ni za mdogo wangu hapa, na sisi wengine tutakuwa akiba. Akizidiwa, anapiga simu."

"Na chuo, kaka?" kitindamimba akauliza.

"Chuo hakina miguu, kitakuwepo tu. Wewe kukaa hapa hakutugharimu kitu. Wewe ndiye maji yetu, mdogo wangu!"

Alidhani amemsifu. Loo! Dada mkubwa akaitikia "kweli kabisa", wa ughaibuni akasema "sawa sawa" na kukata simu. Punda afe mzigo ufike, na punda mwenyewe aseme asante.

Kitindamimba akainuka. Alikusanya vikombe akaenda kuviosha. Nafuu akaona amekubali, akarudi kwake akipiga mluzi.

Jumatatu asubuhi simu ikamkuta kazini. Alikuwa jirani wa baba yao.

"Dada yako kapanda basi la alfajiri na cherehani yake. Kaniachia mzee mpaka ufike. Fanya haraka, na mimi nina kwangu."

Nafuu akaita akiba yake. Dada mkubwa akamjibu, "Leo napokea saruji, jaribu kesho." Simu ya yule wa ughaibuni ikaita mpaka ikachoka. Kazini kwake mtambo wa akiba huachwa ukizunguka, wa moto, ili ukihitajika udake papo hapo. Uliopoa si akiba, ni chuma kilichokaa kivulini. Bingwa wa akiba alikuwa hajawahi kujiuliza nani kati yao alishamwinua baba hata mara moja. Yeye mwenyewe hajamwinua.

Akafika. Jirani akampisha mlangoni na kwenda zake. Mzee alikuwa amejikojolea. Nafuu akamshika kwapani, wote wawili wakayumba, nusura waende chini. Akajaribu kwa miguuni, mzee akaguta kwa maumivu. Shati la ofisini likaloa mkojo. Hapo ndipo akafoka.

"Mwanamke hana haya huyu! Kamtupa baba yake mzazi!"

Mzee akainua mkono ulio mzima. Tangu augue maneno yalimtoka polepole, na Nafuu hakuwahi kuwa na muda wa kuyasubiri. Leo aende wapi?

"Nilimwambia mimi aende," mzee akasema. Akapumua, akameza mate. "Afadhali mimi niteseke na wewe, kuliko yeye azeeke na mimi."

Nafuu akakunja mikono ya shati lililoloa. Akauliza taulo ziko wapi.