Swali la Zahanati ya Mkwaja

Mjomba wangu alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria katika miaka ya hamsini, na mimi ndiye niliyemwandikia maswali. Sisemi hivi kwa kujisifu. Anayedhani kazi hiyo ni ya kujivunia hajawahi kupokea majibu yake.

Kazi yangu hasa ilikuwa ualimu, pale Tanga mjini. Mjomba alikaa Makorora, nami nilipanga chumba Mabawa, kwa hiyo kila Jumamosi alasiri nilikwenda kwake kwa miguu. Nilimkuta barazani amevaa kanzu na kofia, karatasi zimetandazwa mkekani na kila moja imewekewa jiwe juu isipeperuke. Kiingereza cha kusema alikuwa nacho, tena kizuri, lakini kalamu ilimtoa jasho. Na swali lilitakiwa liandikwe kwa Kiingereza, limfikie karani wa baraza wiki kadhaa kabla ya kikao, tena liwe swali kweli, si malalamiko. Hapo ndipo tulipogombana. Yeye alitaka iandikwe kwamba watu wanateseka. Nikimwambia, mjomba, hilo si swali, hiyo ni hotuba, watairudisha, hanisikii hata kidogo. Wakairudisha, imepigwa mistari myekundu, na bado akaona kosa ni langu.

Aliwahi kuuliza habari za daraja, za visima, za walimu wa vijijini. Majibu nilianza kuyajua kabla hayajafika: jambo hilo linaangaliwa. Kila alichouliza kilikuwa kinaangaliwa. Nilimtania siku moja kwamba serikali hii ina macho mengi na haina mikono, akakasirika, akaniambia niandike, nisiseme.

Swali la zahanati lilikuwa langu mimi. Kwetu ni Mkwaja, kusini ya mto Pangani, na dada yangu mkubwa aliolewa hukohuko. Alikuwa amezaa mara mbili na mara zote mbili mtoto hakukaa. Uzazi wa pili nusura umchukue yeye mwenyewe. Hospitali ilikuwa Pangani mjini, ng'ambo ya mto, mwendo mrefu kwa lori la mashamba ya mkonge, nalo lilipita likitaka. Masika halikupita kabisa. Mwaka ule mama alinipelekea salamu kwamba dada yako yuko katika hali, mwombee dua. Hakusema zaidi. Kwetu mimba haitangazwi, na ya mwanamke aliyekwisha kupoteza wawili haitajwi hata ndani ya nyumba.

Nikaandika: je, Serikali inajua kwamba kijiji cha Mkwaja na majirani zake hawana zahanati wala mkunga aliyesomea, na kama inajua, ina mpango gani? Mjomba alilisoma mara tatu. Dada yangu ni mpwa wake, na yeye pia alikuwa amepelekewa salamu.

"Hili halina hata neno la kulia," akasema.

"Ndiyo maana watalipokea, mjomba."

Walilipokea. Na kwa mara ya kwanza jibu halikuwa lilelile. Serikali ilisema itapeleka kamati ndogo ikaone yenyewe. Siku ile nilifurahi mpaka wanafunzi wangu wakashangaa, maana sikuwa mtu wa kucheka darasani.

Kamati ilikuwa ya watu watatu: daktari wa Kizungu kutoka Dar es Salaam, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa mjumbe wa baraza, na mjomba. Mimi niliombewa ruhusa shuleni niende kutafsiri. Nikatangulia siku moja.

Nilikuta kijiji sikitambui. Nyumba za mbele zimepakwa chokaa mpya, njia imefagiliwa hadi msikitini, viti vimeazimwa kila upande, na mbuzi wawili wamefungwa wakingoja kuchinjwa. Mzee mmoja aliyekuwa na kidonda cha mguu kisichopona alikuwa amepelekwa kwa nduguze kijiji cha pili mpaka wageni waondoke. Watoto wenye macho mabovu waliambiwa wasitoke majumbani. Nikamwendea jumbe, mkubwa wa kijiji, nikampa shikamoo, kisha nikamwambia kwamba watu hawa wanakuja kuona shida, si chokaa.

"Mwalimu, weye umekaa mjini mno," akanijibu. "Mgeni akiingia kwako wamwonyesha choo kwanza? Wacha wale, wapumzike. Shida watazijua."

"Nani atawaambia?"

"Kwani hawana macho?"

Dada nilimkuta uani kwa mama, ameketi mkekani, ameegemea ukuta. Miguu ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani, na uso nao umejaa. Alisema kichwa kinamwuma siku ya nne sasa. Nikamwambia kesho namleta daktari hapa hapa uani akutazame. Kabla hajajibu, mama akanikatiza.

"Usithubutu. Mwanamume mgeni, hatumjui, aje alitie jicho tumbo hili? Wale wawili hawakutosha? Kesho usimtaje mwanangu kwa mtu yeyote."

Dada akacheka kidogo, akaniambia niende zangu nikafundishe. Nikaondoka. Nilikuwa nafoka mbele ya watoto arobaini kila siku, lakini mama yangu sikuwahi kumpinga hata mara moja maishani.

Wageni walifika kabla ya adhuhuri. Wakalishwa pilau, wakanyweshwa sharbati. Laiti yule daktari angekuwa mtu mbaya, ningepata wa kumlaumu. Alikuwa mpole, alikula kwa mkono kama sisi, na alipomaliza akatoa daftari lake, akamgeukia jumbe, akauliza kupitia kwangu watu wa hapa wanaumwa nini hasa.

"Mwambie alhamdulillahi, tu wazima."

Nikatafsiri. Akauliza homa. Jumbe akasema homa ipo, nani asiyepata homa, nayo yenda zake. Akauliza vidonda, akaambiwa vichache. Nilikuwa naona mlango ukifungwa taratibu, na kila neno la kuufunga lilipita kinywani mwangu. Kisha akauliza kuna wanawake wangapi wenye mimba wakati huu, na kama kuna aliyewahi kupoteza watoto.

Jumbe akainamisha uso. Wazee wakakohoa. Mwanamume wa kwetu hazungumzi habari ya tumbo la mke wa mwenzake mbele ya wageni, tena wakati wa chakula. Mwishowe jumbe akasema kwa sauti ya chini, "Mambo hayo ya Mungu, mwalimu. Mjibu utakavyoona."

Daktari alikuwa anangoja, penseli mkononi. Dada yangu alikuwa nyuma ya ua wa makuti, hatua thelathini kutoka tulipokaa. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, nina dada yangu hapa, ni mgonjwa, njoo umwone. Nilikuwa nikiwafundisha watoto sentensi ngumu kuliko hiyo. Nikamwambia, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba hakuna.

Nilisema hivyo kwa sababu mama alinikataza, na kwa sababu wanaume wote wa kijiji walikuwa wananitazama, na kwa sababu nilijidanganya kwamba maadamu wamefika, zahanati itajengwa tu. Mjomba alisikia. Alijua Kiingereza, na alijua habari ya dada. Akaitazama bilauri yake ya sharbati. Daktari akaandika. Yule mfanyabiashara akausifu upishi, nikautafsiri na huo, na kina mama waliokuwa nyuma wakafurahi. Wakaondoka mapema ili wawahi pantoni ya Pangani.

Dada alifariki masika, wiki chache baadaye. Kichwa kilizidi, akaanza kukakamaa na kutokwa na povu, wakampakia juu ya kitanda cha kamba na wanaume wakamchukua mabegani wafuate njia ya Pangani, kwa kuwa lori halikuwepo. Alikata roho njiani, kabla ya mto kuonekana. Wakamrudisha, wakamzika na mtoto wake tumboni. Barua ilinifikia mazishi yamekwisha. Niliisoma nimesimama mlangoni pa darasa, nikaingia, nikaendelea na somo, mpaka leo sijui nilifundisha nini.

Baada ya matanga mjomba aliniita Makorora.

"Mwandike," akaniambia. "Safari hii mwandike yeye mwenyewe."

Nikamwandika. Nikaandika kwamba mwanamke wa Mkwaja amefariki njiani kwa kukosa mkunga, na Serikali inasema nini. Karani akalirudisha, sehemu ile imekatwa kwa mstari mmoja. Swali lisilete jambo la mtu mmoja, ndivyo kanuni ilivyosema. Kwa hiyo likaenda bila yeye, zahanati tu, kama mara ya kwanza. Serikali ikajibu kwamba kamati ilifika Mkwaja, ikawakuta wakazi katika afya njema, hapakuwa na mwanamke mwenye mimba wakati ule, na kwa hiyo jambo hilo si la haraka. Mjomba alinisimulia kwamba alisimama aulize swali la nyongeza. Spika akamngoja. Taarifa ya kamati ilikuwa na sahihi tatu, moja ni yake. Akaketi bila kuuliza.

Likizo ilipofika nilikwenda Mkwaja na kitabu cha mazungumzo ya baraza. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Akaniambia nimsomee waliyoyasema, yote, nisiruke. Nikaketi kwenye kigoda, nikamsomea kwa Kiswahili, polepole. Nilipofika mahali pa mwanamke mwenye mimba, mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Nani kawaambia hayo?"

Ningeweza kusema ni jumbe, angeamini.

"Mimi, mama."

Akauweka ungo chini. Nilingoja anitukane, nilikuwa nataka anitukane.

"Ulifanya nilivyokwambia," akasema, akajifunika uso kwa kanga.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilimtembelea kila likizo, nikapokea dua zake na chakula chake, lakini hakuniagiza wala kunikataza jambo lolote tena.